Besi Ikikwaruza Kanisani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumtafuta Mkosaji



Somo la leo ni la wanakwaya. Kwaya nyingi za huku kwetu Sumbawanga, mjini na hata vigangoni, siku hizi zina kinanda, gitaa la besi na spika. Ni jambo jema. Shida inakuja pale Dominika besi inapoanza kukwaruza, yaani mlio kama turubai linalopasuka. Waamini wanageuza shingo, mwalimu wa kwaya anakunja uso, mpiga besi anaambiwa, "Wewe hujui kupiga!" Wiki inayofuata unatangazwa mchango wa spika mpya. Watu wametoka kuuza mahindi, wanachanga. Spika inakuja, na mkwaruzo uko palepale! Hapo mtu amehukumiwa bila ushahidi, na fedha ya wakulima imepotea bure.

Kwa nini jambo hili linagusa ibada?

Hati ya Kanisa iitwayo Musicam Sacram, ya mwaka 1967, inafundisha kwamba ala zitegemeze sauti za waimbaji, zisizifunike kiasi cha maneno kutosikika. Sasa angalia. Uzi mnene wa besi, E, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, chini ya sauti za waimbaji. Ndiyo maana besi safi haigombani na mtu. Lakini wimbi la sauti likizidi uwezo wa kifaa, kilele chake hukatwa na kubaki bapa, kama uwanda wetu wa Ufipa. Ukataji huo huzalisha milio mingine ya juu zaidi, mara tatu, mara tano ya ule wa kwanza, inayopanda hadi eneo la sauti za binadamu. Zaburi inaimbwa, maneno hayasikiki.

Kanuni moja tu

Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza hivi: ukiwa na hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tatizo liko kwenye moja tu, basi hicho kimoja ndicho cha kushukiwa. Kwa lugha ya jukwaani: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili waya, gitaa na spika kwa mpigo, hata mkwaruzo ukiisha hutajua ulitoka wapi.

Hatua kwa hatua

1. *Gitaa lenyewe.* Chomoa waya, piga kila uzi taratibu. Ukisikia mkwaruzo bila umeme, nyuzi zinagusa freti. Huku kwetu kiangazi ni kikavu na cha baridi. Mbao hukauka na shingo ya gitaa hujipinda kidogo. Mpelekee fundi wa magitaa airekebishe.

2. *Betri.* Magitaa mengi ya besi yana betri ya volti 9 ndani, mara nyingi nyuma, kwenye kifuniko kidogo. Ikiisha nguvu, sauti hukwaruza hasa ukipiga kwa nguvu. Weka mpya, jaribu tena. Na ukimaliza mazoezi chomoa waya, kwani kwenye magitaa mengi betri huendelea kutumika waya ukiwa umechomekwa.

3. *Waya.* Utikise karibu na jeki. Ukisikia sauti inakatika na kurudi, tatizo ni waya au tundu lake, si mpigaji.

4. *Mikisa.* Hapa ndipo penye lawama nyingi. Taa nyekundu ya chaneli ikiwaka kila noti, umeingiza sauti kubwa mno. Punguza gaini, yaani kile kitufe cha juu, hadi taa iwake kwa nadra sana au isiwake kabisa. Kushusha sauti ya mwisho pekee hakusaidii: wimbi lililokatwa mlangoni linabaki limekatwa.

5. *Amplifaya au spika?* Sikiliza kwa hedifoni kwenye mikisa. Ikiwa safi, shida iko mbele. Sasa hamishia spika nyingine kwenye amplifaya ileile, inayolingana na ile ya kwanza. Mkwaruzo ukiisha, spika ya kwanza ndiyo mbovu. Ukibaki, shuku amplifaya, au labda mnadai besi kubwa kuliko uwezo wa mtambo. Besi hula nguvu nyingi kuliko sauti ya mtu.

6. *Umeme.* Mkitumia jenereta au sola, angalia kama mkwaruzo unakuja taa zinapofifia. Amplifaya ikikosa umeme wa kutosha, inakata vilele mapema.

Tahadhari: punguza sauti kabla ya kuchomoa jeki. Na amplifaya usiifungue mwenyewe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Zoezi la wiki

Fikeni mazoezini nusu saa mapema, mpitie hatua hizi sita pamoja, na mpiga besi awepo. Kisha mjiulize: katika jumuiya yetu, ni nani tumemlaumu kabla ya kuangalia betri?

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, atuombee.