Reli ya Kisangani hadi Ubundu: Mwongozo kwa Msafiri

Msafiri anayetaka kuielewa reli ya Kisangani hadi Ubundu, yenye urefu wa kilomita 125, na aanzie mtoni, kwa kuwa njia hiyo ni mkono wa Mto Kongo zaidi ya kuwa reli inayojitegemea. Meli zitokazo Kinshasa hupanda mto kwa zaidi ya kilomita 1,700 na kukomea Kisangani, ambako huanza maporomoko saba ya Boyoma, yaani sehemu ambazo maji hushuka kwa nguvu juu ya miamba na kuzuia vyombo. Kuanzia Ubundu mto hupitika tena hadi Kindu. Ili mizigo ivuke kizuizi hicho, kampuni ya Kibelgiji iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na kundi la tajiri Édouard Empain, ililaza reli iliyofunguliwa mwaka 1906, wakati miji hiyo miwili ikiitwa Stanleyville na Ponthierville.

Inafaa kwanza kuwatembelea wavuvi Wagenia, ambao hutega migono mikubwa kwenye majukwaa ya miti katikati ya mkondo, kwani hapo sababu ya kujengwa reli huonekana kwa macho. Stesheni yenyewe, kinyume cha matarajio ya wageni, iko ng'ambo ya kushoto, katika komuni ya Lubunga (komuni ni sehemu ya mji yenye utawala wake), nako hufikiwa kwa mtumbwi au kivuko. Treni za SNCC, shirika la taifa la reli, hazina ratiba ya kutegemewa. Mwenye siku chache atafute pikipiki, akikumbuka kwamba mvua huigeuza barabara kuwa tope, na aombe ruhusa ya wakuu wa mahali kabla ya kupiga picha.

Njia huvuka ikweta ndani ya msitu, na vituo kadhaa hutajwa kwa kilomita zake kutoka Kisangani. Kasese, karibu na kilomita 25, na Biaro, kilomita 41, palikuwa na kambi za makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, ambazo zilishambuliwa mwezi Aprili 1997 na wengi wakauawa. Wenyeji wasihojiwe juu ya hayo wasipoyataja wenyewe. Huko Ubundu, anayeendelea Kindu huulizia chombo bandarini, na busara ni kubeba chakula cha siku kadhaa, kwa maana chombo huenda kisiondoke kabla hakijapata shehena.