Chandarua tunacho, mbona malaria haiishi nyumbani?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza, Tanga. Vyandarua tunavyo na tunavitumia, lakini tangu masika yaanze mwanangu wa miaka minne amepimwa malaria mara tatu na zote imeonekana. Mara ya mwisho ilikuwa siku kumi tu baada ya kumaliza dawa mseto. Majirani wanasema ni mahindi mabichi na maji ya dimbwi lililo nyuma ya nyumba. Je, dawa haifanyi kazi?

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Nianze na hicho kipimo cha mwisho. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu na mistari miwili, hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki wiki mbili, tatu au zaidi hata vimelea vyote vikishakufa. Kwa hiyo mistari miwili siku ya kumi haithibitishi kwamba dawa imeshindwa. Homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja, mrudishe mtoto kituoni, taja tarehe aliyomaliza dawa na uombe damu ipimwe kwa darubini.

Angalia pia dawa ilivyomezwa. Dawa mseto ya ALu ni dozi sita kwa siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana ndivyo mwili unavyoifyonza vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Asiiachie njiani kwa kuwa homa imeshuka.

Lakini usisubiri hata kidogo ukiona degedege, mtoto analegea au haamki vizuri, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, viganja vimepauka au mkojo umekuwa mweusi. Hiyo ni malaria kali. Mkimbize kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa maneno ya majirani. Mahindi mabichi hayaleti malaria, wala maji ya kunywa. Anayeileta ni mbu jike aina ya Anofelesi, naye hazaliwi nayo. Huichukua kwa mtu mwenye vimelea, kisha vimelea hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Maana yake malaria ya mwanao ilianzia kwenye damu ya mtu, pengine wa nyumba ya pili. Anaweza kuwa mtu mzima anayekwenda shamba kila siku bila homa, kwa sababu mwili wake umeshajenga kinga ya kiasi. Hapo ndipo chandarua cha nyumba moja kinapoelemewa.

Zanzibar waliliona hilo. Pamoja na vyandarua na kupulizia dawa kwenye kuta, mgonjwa akigundulika wahudumu humfuata nyumbani na kuwapima anaoishi nao. Kwa miaka mingi kiwango cha maambukizi huko kilishuka hadi chini ya asilimia 1.

Kwako, anza ndani. Je, baba na watoto wakubwa nao wanalala kwenye chandarua, au ni wadogo tu? Shona matundu, kichomeke chini ya godoro au mkeka, kifue kwa sabuni ya kawaida na kukianika kivulini. Giza likiingia, watoto wavae nguo ndefu au waingie ndani.

Kisha nenda kwenye dimbwi na bakuli jeupe, uchote maji. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala bapa juu ya maji. Vya mbu wa vyooni na mitaroni huning'inia kichwa chini. Mbu wa malaria hupenda vidimbwi vya wazi vinavyopigwa jua: mashimo ya matofali, hata nyayo za ng'ombe. Wakati wa joto, yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kufukia mara moja kwa mwaka hakusaidii.

Mkutano wa kitongoji ukiitishwa, lipeleke jambo hili. Mkubaliane kufukia mashimo kila wiki msimu wa mvua, kuomba dawa ya kuua viluwiluwi pale pasipofukika, na kila mwenye homa, mkubwa kwa mdogo, apimwe na amalize dozi. Jirani akipona kabisa, mbu wa dimbwi lako hana cha kumletea mwanao.