Kununua Fleti: Mlango Wako na Jengo la Wote
Kijitabu kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe



Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa. Treni ya SGR inabeba abiria tangu Juni 2024 na inasimama Pugu na Soga. Kwala kuna bandari kavu. Ardhi ya Maili Moja, Kiluvya na Kisarawe mjini inatafutwa na watu ambao jana walikuwa hawaitazami, na ardhi ikipanda bei majengo nayo hupanda juu. Tumeandika kijitabu hiki kwa ajili ya anayetaka kununua fleti, iwe huku Pwani au Dar es Salaam, na pia kwa mwenye kiwanja anayefuatwa na mjenzi.

Jambo moja tunataka likukae kabla hujatoa hata hela ya kushika nafasi. Anayenunua fleti hununua vitu viwili: vyumba vilivyo nyuma ya mlango wake, na fungu lake katika paa, ngazi, lifti, matangi, shimo la majitaka na kiwanja chenyewe. Wanunuzi wengi hukagua vigae na kabati za jikoni, wakasahau hilo fungu la pili. Ugomvi mwingi wa maghorofani huanzia hapo.

Maji yanafikaje ghorofa ya sita?

Sisi tuliozoea nyumba za chini tuna simtanki moja uani na mambo yanakwenda. Kwenye ghorofa, maji ya DAWASA huingia kwanza kwenye tangi la chini, pampu ikayasukuma hadi matangi ya juu ya paa, ndipo yashuke kwenye bomba lako. Pampu inakula umeme, na umeme huo uko kwenye mita ya pamoja, siyo mita yako. Units za mita hiyo zikiisha saa mbili usiku, jengo zima linakosa maji hata kama kila mmoja ana LUKU ya kutosha ndani kwake. Atakayenunua ni nani? Ikiwa jibu ni mtu mwenye huruma wa ghorofa ya pili anayepita kugonga milango akichangisha, ujue jengo hilo halina utaratibu. Usikubali kulipia mpaka ujue utaratibu utakuwa upi.

Lifti ni hivyo hivyo: ina matengenezo na vipuri, na siku umeme ukikatika inahitaji jenereta na mafuta. Wa ghorofa ya chini atasema yeye hapandi lifti. Sheria haimsaidii. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inawataka wamiliki wawe na umoja wao uliosajiliwa, wenye kanuni na mfuko, na kila mmoja achangie kwa kadiri ya fungu lake. Omba kanuni hizo uzisome. Uliza mchango wa mwezi ni kiasi gani, akaunti iko kwa jina la nani, na kama unanunua fleti iliyokwisha kukaliwa, anayekuuzia ana deni la umoja kiasi gani.

Uliza na majitaka. Sehemu kubwa ya miji yetu hutegemea mashimo na magari ya kunyonya. Shimo la kaya arobaini halijai kwa mwendo wa shimo la kaya moja, na gari likija lazima liwe na njia ya kulifikia.

Karatasi

Kabla ya sheria hiyo ya 2008, hati ilikuwa moja kwa kiwanja na kila kilichojengwa juu yake, na mwenye fleti alibaki na mkataba tu mkononi. Leo unaweza kupata hati ya sehemu yako, ukaiuza, ukairithisha au ukaichukulia mkopo. Lakini hati hiyo haitoki mpaka jengo liwepo na ramani ya mgawanyo wake isajiliwe. Anayekuuzia fleti ikiwa bado mchoro anakuuzia ahadi. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe, lenye mali nchi nzima, miradi yake mikubwa ya Kawe na Morocco ilisimama kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo lipa kwa awamu zinazofuata hatua za ujenzi, siyo tarehe za kalenda, na mkataba useme utarudishiwa nini kazi ikisimama.

Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kwa mali ya Mkoa wa Pwani, ofisi ya ardhi ya mkoa ipo Kibaha. Utaona kiwanja ni cha nani, muda wa hati umebaki miaka mingapi, na kama benki imekishika. Mjenzi akiwa amekopea kiwanja, dai barua ya benki inayoiachia fleti yako. Maneno ya dalali hayatoshi hapo.

Kisha nenda halmashauri uone kibali cha ujenzi. Kibali kinataja idadi ya ghorofa. Simama barabarani, inua macho, hesabu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo na kuua tena. Bango la mradi lisiloonyesha mkandarasi na mhandisi waliosajiliwa linatosha kukurudisha nyumbani.

Kwa mwenye kiwanja

Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo ziliondoka kwa makubaliano ya namna hii: mwenyewe anatoa kiwanja, mjenzi anatoa fedha, jengo likiisha wanagawana. Makubaliano hayo yanaweza kukuinua wewe na wanao. Ila usihamishe hati kwa jina la mjenzi kwa kuamini tu. Mkataba, uliosimamiwa na wakili wako mwenyewe na siyo wake, utaje fleti zako kwa namba na ghorofa, nani atalipa pango lako wakati unasubiri, na kiwanja kitarudi vipi kazi ikikwama. Nyumba ya ndoa haiondoki bila ridhaa ya mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Na kama kiwanja bado kina jina la marehemu baba, msimamizi wa mirathi ateuliwe kwanza mahakamani na warithi wote waulizwe, akiwemo dada aliyeolewa mbali, kabla mjenzi hajaleta tingatinga.