Bangili ya Mazoezi: Namba za Kuamini na za Kupuuza

Wanaovaa bangili za mazoezi hugawanyika mapema. Yupo anayeivua baada ya mwezi na kuiweka kwenye droo pamoja na chaja za simu za zamani, na yupo anayefikia hatua ya kuzunguka kitanda usiku ili hesabu ya siku itimie. Wote wawili wamekosa jambo moja: hakuna aliyewaambia ni namba ipi, kati ya zote zinazopita kwenye kile kioo kidogo, yenye uzito. Muuzaji hatakuambia. Yeye anaziuza zote kwa pamoja.

Tuanze na hatua, maana ndizo kila mtu huzitazama kwanza. Bangili haijui miguu yako ilipo. Ndani yake mna kitambuzi cha mwendo kinachofuata mkono unavyocheza, kisha hukisia kama mchezo huo unafanana na wa mtu anayetembea. Ukilishika hilo, malalamiko mengi ya watumiaji yanajieleza. Anayetwanga kisamvu anaweza kuvuna hatua kadhaa akiwa amesimama palepale. Abiria wa bodaboda kwenye barabara ya makorongo naye huongezewa zisizo zake. Lakini anayesukuma mkokoteni, au aliyeshikilia ndoo kichwani kwa mkono uleule wenye bangili, hutembea na kutoka jasho huku akihesabiwa pungufu. Kwa hiyo kazi unayoifanya kila siku ndiyo inayoamua bangili itakupunja au itakupendelea, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujaanza kushindana na wenzako kwenye kundi la WhatsApp la ofisini. (Katika mashindano hayo hakosekani anayemfungia bangili mtoto wa darasa la pili na kumwachia uwanja.)

Ivae kwenye mkono usioutumia sana, na uiambie programu kuwa umeivaa mkono huo. Jaza urefu wako wa kweli, si ule wa kwenye picha, kwa sababu pasipo GPS umbali hukadiriwa kutokana na urefu wa hatua, na urefu wa hatua hukadiriwa kutokana na kimo. Kisha ijaribu. Tembea hatua 200 ukizihesabu mwenyewe kwa mdomo, mikono ikining'inia kama kawaida. Ikisema 190 au 210, umepata kitu cha kufanyia kazi. Ikisema 140, irudishe. Jaribio hili lifanye palepale uliponunua, iwe Kariakoo au Luthuli, ukatafute kichochoro chenye nafasi kabla hujapanda gari. Bangili bandia za siku hizi zinafanana na halisi mpaka kwenye boksi, na ukishafika nyumbani muuzaji hakujui tena.

Na lile lengo la hatua 10,000 ambalo bangili nyingi huja nalo? Halikutoka hospitali. Mwaka 1965 kampuni ya saa ya Yamasa huko Japani ilitoa kipima hatua cha kuvaa kiunoni, ikakibatiza jina lenye hatua 10,000 ndani yake, wakati Wajapani bado wana hamasa ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Namba ikauzika, ikabaki. Utafiti uliochapishwa 2019 Marekani, uliofuatilia wanawake wazee wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulikuta kwamba waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliokuwa na 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Bibi aliyestaafu hana haja ya kujilaumu kwa kukosa 10,000.

Njia bora ya kupanga lengo ni kuvaa bangili wiki nzima bila lengo lolote. Ishi ulivyozoea, panda daladala ulivyozoea. Mwisho wa wiki tazama wastani wako, kisha uongeze hatua 1,000 juu yake na ukae hapo mpaka uzoee. Ukipenda dakika kuliko hatua, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Ukishuka kituo kimoja kabla ya kwako na kwenda kwa miguu robo saa, asubuhi na jioni, siku tano za kazi, tayari umefikisha 150.

Mapigo ya moyo ni habari nyingine. Nyuma ya bangili kuna taa za kijani zinazometameta. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, damu chini ya ngozi huongezeka na mwanga unaorudi kwenye kitambuzi hupungua. Bangili huhesabu mpando na mshuko huo. Chochote kinachouvuruga mwanga kinaivuruga hesabu: mkanda uliolegea, mtikisiko, tatuu, mikono yenye baridi. Weusi wa ngozi nao hufyonza sehemu ya mwanga huohuo, hivyo sisi tuna sababu zaidi ya kuivaa ipasavyo. Wakati wa mazoezi ipandishe juu ya mfupa wa kifundo, upana wa kidole kimoja au viwili kuelekea kwenye kiwiko, uikaze isiteleze lakini isiache alama. Ukimaliza, ilegeze.

Wakimbiaji wanalo lalamiko lao: bangili inaonyesha mapigo 170 na wao wanapiga soga bila taabu. Mara nyingi hapo imeacha kusoma moyo, inasoma miguu, kwa kuwa mkimbiaji hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika na mtikisiko huo humeza ishara ya damu. Simama kidogo, ipandishe, ikaze, uendelee. Wanaonyanyua vyuma hukutana na kinyume chake: mkono ukikunja na kubana chuma, namba inashuka hali kifua kinahema. Kwa mazoezi ya aina hiyo usiitegemee. Tegemea mdomo wako: ukiweza kuongea ila huwezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani; ukishindwa kumaliza sentensi, umepita hapo.

Vile viwango vya rangi rangi ambavyo programu hukuchorea, kijani, njano, nyekundu, mara nyingi hutokana na hesabu ya 220 kutoa umri wako. Ni kisio tu. Mtu wa miaka 40 hupewa kikomo cha 180, lakini watu wa umri huo hutofautiana kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Na wanaotumia dawa za presha kama atenolol au propranolol waviweke kando kabisa viwango hivyo, kwani dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio. Ukijilazimisha kuufikisha kwenye rangi nyekundu unaweza kujiumiza.

Ukiniuliza namba moja tu ya kuitunza, nitakujibu mapigo ya mapumziko. Huchukuliwa ukiwa umetulia au umelala, mkono hautikisiki, na hapo bangili hata ya bei ya chini huwa karibu na ukweli. Ihakiki: kaa dakika tano, weka vidole viwili shingoni kando ya koromeo, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kwa mtu mzima 60 hadi 100 ni kawaida, na anayefanya mazoezi sana anaweza kuwa chini ya hapo. Usijilinganishe na jirani. Tazama ya kwako inavyokwenda mwezi hadi mwezi: mazoezi yakikaa mwilini, hushuka taratibu. Ikipanda ghafla kwa siku mbili tatu bila sababu, huenda hulali vya kutosha, hunywi maji, au homa inanyemelea. Bangili haiwezi kukuambia ni malaria. Kipimo cha zahanati kinaweza.

Kalori zipuuze. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi: sita kati ya hivyo vilisoma mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, ila kwenye kalori kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Bangili ikikwambia umechoma kalori 400, usizigeuze chapati mbili za halali. Anayetaka kupunguza mwili atumie mizani, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai.

Usingizi tuupitie haraka: muda wote uliolala bangili huukisia vizuri kiasi, ila mgawanyo wa usingizi mzito na wa ndoto si wa kuutegemea. Kama umeamka na nguvu na programu inasema ulilala vibaya, amini mwili.

Sasa presha na sukari. Bangili nyingi za bei rahisi zimeandikwa kwenye boksi kwamba hupima vyote viwili. Kuhusu sukari jibu ni fupi: Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari anayekadiria insulini kwa namba ya saa kama hiyo anacheza na maisha. Usichanganye na vile vitambuzi vya kubandika begani vyenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Hivyo hupima kweli, na saa huonyesha tu matokeo yake.

Kwenye presha kuna tofauti kidogo. Zipo saa chache zenye mkanda unaojaa hewa na kubana mkono, na zipo zinazokisia kwa mwanga lakini zinataka uzirekebishe kwa mashine ya kawaida mara kwa mara. Samsung hudai hilo kila siku 28. Zile zinazokupa 120 kwa 80 wakati wowote bila kuulizwa chochote, zichukulie kama pambo. Jaribu kupima umekaa, kisha baada ya kupanda ngazi mbio. Ikirudia namba ileile, umepata jibu. Dawa ya presha isiongezwe, isipunguzwe wala kuachwa kwa sababu ya bangili. Mashine ya kubana mkono juu ya kiwiko ndiyo ya kununua kwanza kama mna mgonjwa nyumbani.

Oksijeni nayo ina tahadhari yake. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kuwa vipimo vya kidole vya hospitali, ambavyo ni bora kuliko vya mkononi, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Mtu akihema kwa shida na bangili inasema 97, mpeleke hospitali.

Yaliyobaki ni matunzo. Kwenye joto la Pwani, jasho na sabuni vikibaki chini ya mkanda huzaa vipele, na wengi hudhani ni mzio wa mpira. Osha mkanda kwa maji, ukaushe pamoja na ngozi, ipumzishe mikono saa moja au mbili kwa siku. Anayetawadha aivue au aisogeze maji yapite chini yake, na kwa njia hiyo ngozi yake hupata nafuu mara tano kwa siku. Kama hatua hazifiki kwenye simu, kabla ya kulaumu bangili angalia mpangilio wa kuokoa betri: simu nyingi za Android huizima programu ikiwa nyuma ya pazia. Iruhusu iendelee kufanya kazi.

Na chunga unachokisambaza. Januari 2018 ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikutwa ikionyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia wakiwa na vifaa vyao. Njia yako ya alfajiri inaanzia mlangoni kwako, basi ifiche kwenye mpangilio. Siku ya kuiuza bangili, iondoe kwanza kwenye akaunti yako na uifute, kwani nyingine hukataa simu mpya mpaka mwenye nayo wa zamani aiachilie. Mnunuzi wa mtumba naye adai hilo lifanyike mbele yake, kabla hajatuma pesa.