Jua Haki Zako: Daraja la Mpondwe na Viza ya Mgeni Wako

Mama mmoja anayekausha samaki kwenye mwalo wa Kahendero ana wageni: mume na mke kutoka Uholanzi, walimu wastaafu, waliokuja kutazama ndege na viboko wa Ziwa George. Wamesikia habari za soko la Lubiriha kule Bwera. Wanataka kwenda Ijumaa wakanunue vitenge, jioni warudi. Mama anauliza: "Nikiwasindikiza, kuna kosa?"

Hakuna, mama, maadamu hamvuki daraja la Mpondwe kuingia Kongo. Soko la Lubiriha liko Uganda. Mtapita Kikorongo, Kinyamaseke na Kisinga hadi Mpondwe bila kugongewa muhuri wowote; Jumanne na Ijumaa Wakongo wenyewe ndio wanaovuka kuja kwetu. Wageni wabebe pasipoti, kwa sababu karibu na mpaka askari huuliza.

Shida huanza mtu akiwanong'oneza kwamba ng'ambo, Kasindi, kitenge kilekile ni nafuu. Daraja ni fupi. Mkonjo wa huku na Mnande wa kule wanaelewana bila mkalimani, na boda wa upande wa pili tayari anapunga mkono. Mtu haoni kama anatoka nchi.

Anatoka. Viza ya kawaida ya mtalii ya Uganda, ile ya dola 50, ni ya kuingia mara moja. Ikigongwa muhuri wa kutoka, imekwisha, hata kama zilibaki siku 60. Ile ya Afrika Mashariki, dola 100 kwa siku 90, inamruhusu kuzunguka Uganda, Kenya na Rwanda tu. Najua utaniambia Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Kweli iliingia, lakini viza hiyo haikuifuata. Mgeni akikanyaga Kasindi, ya dola 100 nayo imekufa. Kongo kwa upande wake itamdai viza yake, ya kuombwa mapema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tena Kivu Kaskazini, mkoa wa Kasindi, iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na bima nyingi za safari hazilipi kitu mahali ambapo serikali ya msafiri imemwonya asiende. Kwa mzee wa miaka sabini hilo si dogo.

Wewe mama hali yako ni nyingine. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inampa kila Mganda haki ya kutoka nchini na kurudi, na haki ya kupata pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Kurudi kwako ni haki. Kuingia kwa mgeni ni ruhusa, na ruhusa huisha. Ila hata wewe pitia dirisha la uhamiaji. Njia za panya za mtoni ziache, hata kwa "dakika tano tu", kwa sababu wageni wakikamatwa huko, wewe uliyewaonyesha njia ndiye utakayehojiwa kwanza.

Mkizuiwa, Ibara ya 23 haibagui raia na mgeni. Aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe wakili anayemtaka, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hajaachiliwa. Mkidaiwa pesa, ombeni namba ya malipo, ile PRN, mkalipe benki au kwa simu. Pesa ya serikali haipokelewi kiganjani chini ya mwembe.

Sasa vitenge. Ombeni risiti, na iandikwe idadi ya vipande. Mchuuzi atacheka, maana sokoni watu hupima kitambaa kwa mkono, wakakikunja na kukitia mfukoni, basi. Lakini vitenge vingi vya pale vimeingia kwa magendo, na watu wa mamlaka ya mapato, URA, husimamisha magari njiani kuelekea Kasese. Bila risiti mtabishana kando ya barabara, na wazee wa watu watakaa juani wakisubiri.

Na kama mtu atawatolea kitu cheupe kilichofungwa gazetini, akasema kwa sauti ya chini kuwa ni jino la kiboko, msikishike hata kwa kukitazama. Sheria ya wanyamapori ya 2019 ina vifungo virefu. Kiboko wamekwisha kumwona Kahendero, akiwa na meno yake.