Glavu Inasema, Lakini Haisikii

Ukitaka kuona mwanafunzi wa uhandisi akipigiwa makofi kwenye maonesho, mpe glavu, nyaya na bodi ya Arduino. Anavaa, anafanya alama kwa mkono, simu inatamka neno. Ukumbi unashangilia! Mimi nasoma ualimu, na swali langu ni moja: nikimpata mwanafunzi kiziwi darasani, glavu hii itamsaidia nini? Tuifungue kwanza tuone inavyofanya kazi.

Hapa jirani inajulikana Sign-IO, ya Mkenya Roy Allela, aliyeibuni akimfikiria mpwa wake ambaye ni kiziwi. Kanuni ya glavu za aina hii si ngumu. Juu ya kila kidole kuna ukanda mwembamba. Ukikunjwa, ukinzani wake wa umeme unaongezeka. Bodi ya Arduino ya kawaida inausoma mkunjo huo kama namba kati ya 0 na 1023. Tuseme kidole kilichonyooka kinatoa 300 na kilichokunjwa 700. Ngumi itakuwa 700 mara tano, na kiganja kilichonyooshwa 300 mara tano. Mkono umegeuka orodha ya namba.

Hapo ndipo mashine inapojifunza. Mtu anarudia alama ya "maji" mara nyingi, na kila orodha inapewa jina hilo. Kisha "chakula", kisha "mama". Alama mpya ikija, programu inatafuta mifano iliyo karibu nayo zaidi na kuchukua jina la walio wengi. Njia hii inaitwa majirani wa karibu, na umbali wenyewe unapimwa kwa Pythagoras yule yule wa sekondari. Simu ya kawaida inaimudu hata bila intaneti.

Kwa hiyo vifaa ni rahisi. Kilicho ghali ni mifano. Glavu iliyofunzwa kwa mkono wa mtu mzima mmoja itababaika kwenye mkono wa mtoto. Tena Lugha ya Alama ya Tanzania na ile ya Kenya ni lugha mbili. Kilichofunzwa Nairobi hakivuki tu Namanga kikaanza kazi.

Halafu kuna uso. Katika lugha nyingi za alama, nyusi na macho hutofautisha kauli na swali, na glavu haioni nyusi. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, Navid Azodi na Thomas Pryor, walishinda tuzo ya dola 10,000 kwa glavu yao ya SignAloud. Wataalamu wa lugha wa chuo hicho hicho wakaandika barua ya wazi kuikosoa: lugha ya alama si mikono peke yake.

Kwangu mimi mwalimu mtarajiwa, tatizo kubwa ni la upande. Glavu inachukua maneno ya kiziwi na kutuletea sisi tunaosikia. Lakini mwanafunzi darasani anapokea mengi kuliko anayosema. Ya mwalimu yanamfikiaje? Na mbona anayevaa mzigo ni yeye, sisi tumekaa tu?

Zipo programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, kama Whisper, ambayo OpenAI iliitoa bure mwaka 2022. Kiswahili kimo, ingawa inakikosea zaidi kuliko Kiingereza. Mtu wa kompyuta anayetafuta mradi aanzie hapo: akusanye sauti za mihadhara yetu, kwa ridhaa ya wahusika, na akae na wanafunzi viziwi kabla hajanunua sensa hata moja. Wao ndio waseme kinachowakwamisha.

Na sisi wa ualimu tusisubiri mashine. Kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, tujifunze walau alama hamsini za kuanzia. Hazihitaji betri.