Jeraha la Kifua: Kinachopasua Pafu la Mnyama na Hatua za Kuchukua



Mnyama aliyepigwa pembe au kuanguka anaweza kusimama, akajikung'uta na kuendelea kula. Ngozi haina tundu wala damu haionekani. Jioni anaanza kuhema, na asubuhi unamkuta amekufa. Huenda pafu lake lilipasuka. Ukijua chanzo na dalili mapema, unaweza kumwokoa.

Pafu hufanyaje kazi?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa kawaida wana jozi 13 za mbavu. Mapafu yamo ndani yake. Pafu haliwezi kujitanua lenyewe. Kifua kinapotanuka, pafu hulifuata umbo lake kwa sababu kati ya pafu na mbavu hakuna hewa. Hewa ikipenya hapo, kupitia tundu la nje au mpasuko wa pafu lenyewe, pafu hunywea kama mpira uliotoboka. Damu ikijaa hapo, nayo hulibana.

Sababu za pafu kupasuka

1. Pembe. Ajali nyingi hutokea pale mifugo inaposongamana: kisimani, kwenye birika, mlangoni mwa zizi. Tundu la nje huwa dogo, lakini pembe imeingia ndani.

2. Ubavu uliovunjika. Teke, pigo la rungu, kugongwa na gari au kuanguka korongoni huvunja ubavu, na ncha yake huchoma pafu.

3. Kishindo bila mfupa kuvunjika. Mnyama akishtuka hubana pumzi. Akipigwa kifuani wakati huo, hewa haina pa kutokea; pafu hupasuka kama mfuko wa karatasi uliojazwa upepo kisha ukapigwa kofi. Ndama na wana-mbuzi wako hatarini zaidi, kwani mbavu zao laini hupinda bila kuvunjika na pafu ndilo linaloumia.

4. Meno ya fisi, chui au mbwa. Juu utaona vitundu vichache; chini yake nyama na pafu vimechanika.

5. Vitu vyenye ncha. Mkuki, mshale, mti wa uzio, au chuma kilichochomoza ndani ya lori la kwenda mnadani.

6. Kuvuta ndama kwa nguvu. Ndama akibanwa kwenye nyonga ya mama huku watu wengi wakimvuta, mbavu zake huvunjika.

Dalili

• Anapumua haraka na kwa pumzi fupi. Mlinganishe na mwenzake mzima aliyepumzika kivulini.
• Ananyoosha shingo, anatanua pua na kupanua viwiko.
• Povu lenye damu linatoka puani au mdomoni.
• Ngozi ya kifua au shingo imevimba, na ukiibonyeza inatoa mlio kama majani makavu. Hiyo ni hewa iliyopenya chini ya ngozi.
• Kidonda kinafyonza hewa au kutoa mapovu.
• Fizi zimepauka au kuwa za buluu. Hii ni hatari kubwa.

Usichanganye na homa ya mapafu. Jeraha humpata mnyama mmoja, ghafla, baada ya ajali. Homa ya mapafu huenea kundini, na huja na homa na kikohozi. Ukiishuku, usihamishe mifugo. Toa taarifa kwa afisa mifugo mara moja.

Huduma ya kwanza

1. Mtenge kivulini. Usimkimbize wala kumwangusha chini kwa kamba.

2. Kidonda kikifyonza hewa, kizibe upesi, pumzi inapotoka. Tumia kipande safi cha plastiki kilichopakwa mafuta mazito, kisha funga kwa kitambaa. Akizidi kuhema baada ya kuziba, inua ukingo mmoja hewa itoke, kisha funika tena.

3. Mkuki au kijiti kikiwa bado kimo ndani, usikichomoe. Kizuie kisitikisike mpaka mtaalamu afike.

4. Usimimine maji, dawa ya miti shamba wala majivu ndani ya tundu. Usimnyweshe kitu kwa nguvu. Kinaweza kuingia mapafuni.

5. Akilala, msaidie alale kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake.

6. Mwite daktari wa mifugo. Anaweza kuitoa hewa kifuani kwa sindano, kutuliza maumivu na kutoa antibayotiki. Muulize siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa au nyama, na uzifuate.

Kama ameumwa na fisi au mbwa, kumbuka kichaa cha mbwa. Usiguse mate wala kidonda kwa mikono mitupu, na toa taarifa. Mnyama huyo asichinjwe kwa chakula kabla mtaalamu hajatoa idhini.

Kuzuia

• Nywesha kwa makundi madogo, na tenga dume mkali.
• Ndama usiotaka wawe na pembe, watolewe na mtaalamu wakiwa wadogo. Kama pembe ni fahari ya kundi lako, omba ncha za wakorofi zipunguzwe.
• Panua mlango wa zizi. Ondoa miti na waya zilizochomoza.
• Waelekeze vijana wasiwapige wanyama mbavuni kwa rungu wala mawe.
• Kagua sakafu na kuta za lori kabla ya kupakia. Usichanganye wakubwa na wadogo.
• Ndama akikwama, wasivute zaidi ya watu wawili, na wavute mama anaposukuma. Akigoma, ita mtaalamu.

Na binadamu je?

Mchungaji aliyepigwa pembe au teke la kifua yuko katika hatari ileile. Akihema, akitema damu au kuchomwa kila anapovuta pumzi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ngozi haina alama. Asiambiwe avumilie mpaka mifugo irudi zizini.